Maoni Namba Saba

Nordby, Minnesota
12 Oktoba 1998

Mdogo wangu Orrin,

Natumai barua hii inakukuta mzima na goti lako limepunguza kelele. Huku tupo. Baridi ya kwanza imepiga juzi, nyanya zote zilizobaki bustanini zimeungua. Binamu yetu Gerda amebadilishwa nyonga na sasa anatembea kunishinda mimi, na hakuna anayeruhusiwa kusahau. Mwezi ujao ni chakula cha kanisa. Tutapika samaki aliyelowekwa magadi, watu watalalamikia harufu, kisha watarudi kujaza sahani.

Sasa la maana. Kitabu chako, *Uwanja Chini ya Mahindi*, kimefika hapa maktaba tangu Agosti. Nimenunua nakala mbili kwa fedha za maktaba na moja kwa yangu. Hukuniambia kwamba umeandika kitabu. Nilikiona kwenye orodha ya wachapaji, nikasoma jina la Orrin Halvorsen, nikadhani ni mwingine.

Huku nina desturi ambayo huijui, maana niliianza ulipokwisha kuondoka. Nyuma ya kila kitabu cha watoto kuna kadi. Mtoto akirudisha kitabu, haazimi kingine mpaka aandike maoni yake. Nazipa kadi namba kadiri zinavyokuja. Nimekunakilia, kwa sababu mwandishi ana haki ya kujua wanavyomsema.

1. Brandt, miaka 10: Kizuri sana. Yule zimwi wa theluji anayerusha mpira kwa mkia natamani awe mjomba wangu.
2. Kirsti, miaka 8: Sikulala siku mbili. Mama amesema nisikiguse tena. Naomba kukiazima tena.
3. Dewey, miaka 11: Mlinzi wa kati hasimami pale mwandishi alipomsimamisha. Mengine sawa.
4. Solveig, miaka 9: Mama Wino anyang'anywe kalamu.
5. Lowell na Leland, pacha: Mmoja wetu amekipenda. Hatusemi ni nani.
6. Trygve, miaka 10: Namchukia Mama Wino kuliko mtu yeyote, hata kuliko dada yangu.
8. Janelle, miaka 12: Mwisho mbaya. Kwa nini Tam ageuke barafu abaki huko chini? Mwandishi amrudishe kwao.

Watoto wananiuliza kama mwandishi ni ndugu yangu kweli. Nimewaambia ndiyo. Wananiuliza Mama Wino ni nani. Nimewaambia waandishi hutunga tu.

Jumamosi ya kwanza ya Juni timu ya besiboli ya mji inafungua msimu, na watoto wangependa wakuone siku hiyo. Chumba chako cha juu kipo, nimekipaka rangi.

Dada yako,
Verna


Tucson, Arizona
3 Novemba 1998

Dada Verna,

Salamu zako nimezipata, na goti linakujibu kwamba bado linapiga kelele kila nikipanda ngazi. Huku bado ni joto. Mti wangu wa machungwa umezaa ovyo mwaka huu, nakutumia kisanduku. Mbwa wangu Hatch amemuuma mpeleka barua, kwa hiyo barua nazifuata posta mwenyewe kama adhabu.

Nimecheka peke yangu jikoni kwa hao watoto. Mwambie Dewey mlinzi wa kati anasimama pale anapoona mpira utakuja, na mimi nilisimama pale misimu mitatu, aje anifundishe akiota ndevu. Mwambie Kirsti namwombea usingizi.

Kuhusu kutokukuambia. Nilifundisha useremala shuleni miaka thelathini, nikastaafu, nikaona siku ni ndefu, nikaandika. Hakuna siri hapo. Ni hadithi ya kitoto ya mvulana anayeshuka chini ya shamba la mahindi na kukuta mazimwi ya baridi yanacheza besiboli, na mwanamke, huyo Mama Wino, mwenye kitabu cha alama za mchezo ambacho akiandika kitu, basi ndivyo kilivyotokea. Anaandika kwamba Tam aliuacha mpira umponyoke, na baridi haiishi tena kijijini kwao. Watu wanapenda kuchukia mtu katika hadithi. Usiitafutie kiini.

Juni ni mbali na joto linanikatalia safari. Tutaona.

Jambo moja. Umenakili ya sita, halafu ya nane. Wewe hujawahi kuruka namba maishani mwako. Ya saba iko wapi?

Orrin


Nordby
20 Novemba 1998

Mdogo wangu,

Machungwa yamefika, mawili tu ndiyo yaliyopondeka. Nimempa Gerda sita, na mchungaji manne. Ahsante sana.

Theluji imefika magotini. Bwana Aune wa ghala la nafaka ameanguka juzi kwenye barafu, akavunjika mkono, na sasa mjukuu wake Corliss ndiye anayemwandikia kila kitu, hata hundi za kanisa. Ana miaka tisa na mwandiko mzuri kuliko wa daktari.

Chakula cha kanisa kilikwenda vizuri. Kiti chako cha zamani, pale karibu na jiko, alikaa mgeni. Watu waliniuliza habari zako. Bado wanakumbuka ulivyokuja kumzika Mama, ukasimama mlango wa nyuma, ukaondoka kabla ya kahawa. Niliwajazia sahani. Lakini Orrin, kabla ya kahawa! Hata wasiompenda marehemu hukaa mpaka kahawa. Maziko ya Baba uliyakosa kabisa, ukatuma maua.

Ya saba mtoto aliimwagia maji ya zabibu, haisomeki.

Nijibu kuhusu Juni. Kuuliza si ujinga, nami nimeuliza mara mbili.

Verna


Tucson
16 Januari 1999

Dada,

Heri ya mwaka mpya, japo huo mwaka umeshaanza kuzeeka. Sikukuu nilikula kwa jirani. Hatch amezaa, kumbe ni jike. Miaka minne namwita mwanangu wa kiume.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza naandika jambo la ukali, nachana. Nitaandika kidogo tu.

Siji Juni. Usinipake rangi chumba. Unajua kwa nini siji, na kama hujui, soma ukurasa wa mia moja na kumi na mbili wa kitabu changu, mahali Tam amejificha ngazini. Mimi niliketi kwenye ngazi ile, Jumapili usiku, Agosti 1957. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Chini jikoni, kitabu cha alama za mechi ya siku ile kikiwa mbele yako, Baba alikuwa anakuambia, "Verna, mpira uligonga jiwe. Andika jiwe, mwanangu. Yule mtu wa timu kubwa anayetafuta wachezaji atasoma gazeti." Nawe ukamjibu, "Sikuona jiwe, Baba. Kitabu hakisemi uongo." Nilisikia kalamu yako ikiwekwa mezani.

Umeniuliza, nimekujibu.

Na hiyo kadi ya saba si maji ya zabibu. Wewe umelazimisha watoto wanawe mikono kabla ya kugusa kitabu tangu ukiwa msichana. Ilete.

Orrin


Nordby
4 Machi 1999

Ndugu yangu Orrin,

Natumai wewe na Hatch na watoto wake hamjambo. Uniwie radhi kwa kuchelewa, na kwa taipu hii. Nimeinunua kwenye mnada wa kanisa, ni ya mwaka ambao Baba alinunua trekta, na inaruka herufi. Gerda atanipelekea bahasha posta. Maktaba nimepumzika kwa muda, kuna kijana wa chuo ananishikia. Theluji bado.

Nakutumia vitu viwili. Cha kwanza ni kadi yenyewe, ya saba, si nakala. Ya Corliss Aune.

"Mimi naona Mama Wino aliandika alichokiona. Nimesoma ule ukurasa mara tatu. Tam analia, anakasirika, anajificha ngazini, lakini hasemi hata mara moja kwamba hakuuacha mpira. Mwandishi anajua ilivyokuwa ila hasemi. Nyota tatu."

Niliificha kwa sababu inanitetea, na mimi sistahili kutetewa. Nilipoisoma niliona aibu mbele ya mtoto wa miaka tisa, nikaitia kwenye droo na kufunga.

Cha pili kimo kwenye mfuko wa kitambaa. Ukifungue baada ya kusoma.

Orrin, nilimdanganya Baba. Nilikuwa nimeketi meza ya alama, hatua thelathini kutoka kwako, na niliuona mpira ukiruka juu ghafla mbele yako. Mpira ukigonga jiwe ukaruka, mlinzi haandikiwi kosa. Hiyo ni sheria na niliijua kuliko mtu yeyote katika wilaya. Mwandika alama ana mpaka Jumatatu adhuhuri kubadili kabla ya kupeleka gazetini. Jumatatu asubuhi, kabla gari la maziwa halijapita, nilikwenda uwanjani peke yangu. Nikalikuta jiwe mbele ya pale uliposimama. Nikalitia mfukoni. Saa tano nikapeleka posta muhtasari wenye neno lile lile: kosa, Halvorsen.

Unataka kujua kwa nini? Na mimi nimejiuliza. Kumbuka nyuma ya ghala letu pale nyumbani. Majira tisa ya joto nilikurushia mpira, tangu uko na miaka saba na unaogopa, mpaka mikono yako ikajifunza. Nilikuwa narusha vizuri kuliko wavulana wote wa Nordby na Baba alijua. Ilipofika siku ya mgeni kuja kutazama, wewe ulipewa fulana, mimi nikapewa kalamu. Hakuna aliyeuliza nani alimfundisha huyu. Nilikuwa na kalamu tu, Orrin, nikaitumia.

Alhamisi gazeti likatoka. Yule mtu hakurudi. Oktoba ukapanda basi. Baba hakunilaumu hata siku moja, ila kitabu cha alama alikiondoa sebuleni akakipandisha darini. Miaka arobaini na moja na miezi saba jiwe limekaa kwenye kopo langu la vifungo. Ni lako sasa.

Mama Wino ni mimi, nimelijua hilo tangu ukurasa wa kwanza alipotajwa. Watoto wanamchukia, na wana haki.

Verna


Nordby
12 Aprili 1999

Orrin, sijapata jibu. Nimeuliza posta, mfuko ulifika. Siombi chochote. Niandikie tu kwamba umeupata. Theluji imeyeyuka na ndege wamerudi.

V.


Tucson
9 Mei 1999

Dada yangu Verna,

Nimeupata. Nimekaa na hilo jiwe mezani miezi miwili, nakula nalo, nasoma nalo. Hatch na wanawe wazima, wawili nimewagawa. Goti ni lile lile. Salamu zimekwisha, sasa nisikimbie.

Jiwe ulilookota ni jiwe tu. Uwanja ule ulikuwa wa mawe mtupu, Dada, kila masika tuliyaokota kwa ndoo na kila masika yalizaliwa mengine. Ungekwenda hatua tatu kushoto ungeokota jingine.

Mpira haukugonga jiwe. Ulikuja chini, mzuri, wa kawaida, kama ule ulionirushia mara elfu nyuma ya ghala. Wewe ulinifundisha nini? "Kichwa chini, Orrin. Mpaka uusikie kwenye ngozi." Nami niliinua kichwa. Nilitaka kuona kama yule mtu mwenye kofia ananitazama. Alikuwa hanitazami, alikuwa anawasha kiko. Mpira ukagonga ukingo wa glavu yangu ukaruka. Hicho ndicho ulichokiona kikiruka.

Lilikuwa kosa. Uliandika kweli huku ukidhani unaandika uongo, na mimi nilijua ni kweli huku nikikuita mwongo.

Baba aliposema jiwe, alikuwa ananihurumia. Nilipaswa kushuka zile ngazi nikasema, "Baba, hapakuwa na jiwe." Ni ngazi kumi na moja. Sikushuka. Ilikuwa rahisi kuwa mchezaji aliyeonewa na dada yake. Nikiiondoa kalamu yako, nabaki nani? Kijana aliyeinua kichwa. Basi nikakushikilia wewe. Nilikushikilia Baba alipokufa, nikatuma maua. Nilikushikilia Mama alipokufa, na nikaikimbia kahawa kwa sababu niliona unakuja na vikombe viwili mkononi na nilijua kimoja ni changu. Halafu, kana kwamba haitoshi, nikakuweka kitabuni watoto wakuchukie.

Na katika watu wote walioandika maoni, wa magazetini na wa shule, mmoja tu ameniona. Miaka tisa! Nimemwandikia Corliss. Nimemwambia nyota tatu ni nyingi.

Nimewapigia simu wachapaji nibadili mwisho. Wamesema toleo la pili limeshapita mitamboni, nakala elfu sita. Kwa hiyo Tam atabaki barafu na Mama Wino atabaki mchawi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimejaribu kulia kwa hilo, kilio kimenitoka kama kikohozi.

Ninakuja. Treni inafika Ijumaa tarehe nne Juni, saa nane mchana. Waambie watoto nitajibu yote, hata Dewey. Toa glavu za darini, zipake mafuta. Nataka twende nyuma ya ghala turushiane kama zamani, wewe pale kwenye mlango, mimi kwenye uzio. Sitaki maneno mengi. Nataka unirushie mpira nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mdogo wako,
Orrin


Nordby
20 Mei 1999

Mdogo wangu Orrin,

Barua yako nimesomewa na Gerda mara ya kwanza, kisha nikamfukuza nikaisoma mwenyewe. Mahindi yameota. Bwana Aune amepona mkono. Corliss anatembea na barua yako kila mahali na amekataa kumwonyesha mtu.

Usinicheke kwa mwandiko huu. Taipu nimeirudisha kanisani, nimeona hii ni barua ya kuandika kwa mkono, na mkono uliopo ni wa kushoto. Nilipaswa kukuambia. Januari, siku tatu baada ya barua yako ya ngazini kufika, nilipata kiharusi. Usijihesabie hilo, daktari anasema presha yangu ilikuwa juu tangu kiangazi, na nimekuandikia ukweli, sisi wawili uongo tumeshauchoka. Mguu umerudi, maneno yamerudi. Mkono wa kulia haukurudi. Unaning'inia tu. Naufunga kitambaa shingoni, nauhudumia kama mgeni.

Nilimpandisha Gerda na nyonga yake mpya darini kutafuta kitabu cha alama. Kipo. Machi, kabla sijakuandikia, nilikuwa nimekusudia kulifuta lile kosa. Sasa nimeliacha. Ila pembeni, mahali ambapo hakuna safu, nimechora kisanduku kingine kwa mkono huu mbaya, nikaandika: kosa, mwandika alama. Hujui jinsi kilivyopinda.

Nimelia pia, Orrin. Sikulilia mkono. Nimelilia vile vikombe viwili. Nilisimama navyo pale ukumbini mpaka vikapoa vyote, nikanywa vyote. Kumbe uliniona.

Sasa kuhusu nyuma ya ghala. Glavu nimezipaka mafuta. Ghala limeinama lakini mlango upo. Sikiliza vizuri, usije ukafika ukashangaa. Glavu huvaliwa kushoto, kwa hiyo kudaka naweza, nimejaribu na Corliss, nimedaka saba kati ya kumi. Kurudisha ndiko siwezi. Mkono uliokufundisha haupo tena, na umeniomba jambo moja tu na silo ninaloweza kukupa. Tungesemezana mwaka jana tu, ningekurushia mpaka giza liingie.

Basi njoo hivyo hivyo. Utarusha wewe, mimi nitadaka. Halafu kila mara itabidi utembee kutoka kwenye uzio, uje mpaka mlangoni, uuchukue mpira kwenye mkono wangu.

Kahawa itakuwa tayari.

Dada yako,
Verna